Siku Niliyobadilisha Jina la Shamba

Nilifuta makaburi thelathini na moja nikiwa nimeketi, na chai yangu ilikuwa bado moto. Naanza na hilo kwa sababu nimeshachoka kulizunguka. Watu wakiniuliza, huwa naanza mbali, naeleza mitambo na taratibu, mpaka wanasahau walichouliza. Leo sitaki mtu asahau.

Kazi yangu ni ya kuketi. Nina chumba mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe inapanda hadi dirishani asubuhi wanapofungua. Humo ndimo ninamoandika mafaili. Si zile programu unazoziona kwenye simu yako. Mimi naandika ya chini yake, mahali data inapolala. Zamani aliyetaka hifadhidata alinunua kompyuta kubwa, akaifungia chumbani na kumtafuta mtu wa kuipangusa vumbi. Siku hizi unaikodi kwa kampuni iliyo ng'ambo, na wao ndio wanaoitunza. Hata kuikodi hakuhitaji kubonyeza-bonyeza kwenye ukurasa wao. Unaandika faili: nataka hifadhidata moja, ya ukubwa huu, yenye jina hili. Kisha kuna programu inayosoma faili lako, inatazama kilichoko kule, na kuhakikisha kilichoko kinafanana na ulichoandika. Kisipokuwepo, inajenga. Kikiwa tofauti, inarekebisha, na kama hakirekebishiki, inabomoa na kujenga upya. Haitaki kujua sababu. Mwishoni inakuuliza swali moja tu, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haina mdomo. Mimi nimelelewa katika nyumba yenye mdomo mmoja mzito, wa mama yangu, na jambo moja alilokuwa akilisema kila mwezi wa saba baridi ikianza. Mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikumwona, alikufa kwa nimonia akiwa na miaka minne. Mimi nilikuwa tumboni. Walimzika shambani kwetu, juu kule upande wa Molo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya watu kugawana. Nilipofika miaka miwili tulifukuzwa. Nyumba iliteketezwa, tukashuka Nakuru na magunia mawili, na shamba likachukuliwa na watu wa upande wa pili. Mama hakuwahi kulilia shamba. Alichotaka ni kuona mahali mwanawe alipolala, aweke jiwe, basi.

Miaka ilipita mpaka kanisa moja kule juu likaanza kuwakutanisha watu wa pande zote mbili. Walikunywa chai wakitazamana kwa macho ya pembeni, lakini walirudi. Katika mikutano hiyo ndipo suala la makaburi lilipojitokeza. Sisi tulikuwa na wafu wetu katika mashamba yao. Wao pia walikuwa na wao katika mashamba waliyoyakimbia kwingine. Wakaanza kuandika kwenye madaftari: nani kazikwa wapi, karibu na nini. Na hapo hapo hofu ikaingia, maana kule kwetu orodha ya makaburi si orodha ya makaburi. Ni hati ya shamba. Anayeweza kuonyesha alipozikwa babake anaweza kesho kusema shamba ni lake, na daftari likiangukia mikono mibaya nyumba zitawaka tena. Walikaribia kuacha.

Mimi ndiye niliyewaokoa, au ndivyo nilivyojiona. Nilisimama mbele yao na kusema kwamba nitawajengea hifadhidata kule ng'ambo, yenye ufunguo, ambayo haiwezi kuibiwa kutoka kabatini wala kuchomwa na kijana mwenye kiberiti. Kila kaburi lingepewa alama zake za ramani, na kila familia ingefungua ukurasa wake tu. Walikubali kwa sharti moja: iwe nakala moja. Hakuna daftari, hakuna karatasi, hakuna simu ya mtu. Nikaona ni busara. Nilikaa siku kadhaa nikiingiza yaliyokuwamo madaftarini, kisha tukayachoma nyuma ya kanisa, pande zote mbili zikitazama, na mchungaji akaomba. Mama alinishika mkono moshi ulipopanda. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Kaka yangu hakuwamo katika madaftari hayo. Mama alikumbuka josho la ng'ombe na mti wa saiprasi, lakini mti ulikatwa na josho lilikuwa refu. Aliyejua ni mzee mmoja tu, wa upande wa pili, aliyelima shamba lile tangu tulipoondoka. Alikuwa amelima kwa ng'ombe miaka yote hiyo akiyapita makaburi yetu kando, akiacha vipande vya nyasi, bila mtu kumwomba. Hakutaka kukaa mkutanini. Alisema anayetaka kujua aende shambani.

Nilienda asubuhi moja, kuna ukungu hata ng'ombe wa jirani unamsikia tu. Mzee alikuwa na koti la mvua na fimbo, na pumzi yake ilikuwa fupi. Alikuwa mgonjwa na shamba lilikuwa limelala misimu miwili, nyasi zimepanda kila mahali kiasi kwamba vile vipande alivyoviacha havikutofautiana tena na kwingine. Alinipitisha kaburi baada ya kaburi, kumi na moja yote katika shamba lake. Kila aliposimama nilitoa simu, nikasubiri alama za ramani zitulie, nikaandika kwenye fomu na kutuma. Mtandao ulikuwa unakatika. Nilikuwa nimeinamia simu muda wote, nikihangaika na ile duara inayozunguka. La mwisho lilikuwa la mtoto. Mzee alichomeka fimbo yake ardhini.

“Msichana, weka hiyo simu chini kwanza,” akasema. “Angalia na macho. Ukishaangalia ndio uandike.”

Nilisema ndiyo mzee, na nikaendelea kuandika. Alinieleza hatua ngapi kutoka josho, na jiwe lipi, na alivyojua kaburi ni la mtoto kwa urefu wake. Niliyaandika yote. Sikuyasikia. Kuna tofauti kati ya hayo mawili na mimi niliijua baadaye, kwa gharama ya mtu mwingine. Nilipomaliza akasema kwamba amesema mara moja na hatarudia, kwamba sasa mzigo ni wangu. Baada ya wiki chache alifariki.

Shamba likabaki kwa binti yake, mwanamke wa makamo, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache na yaliyonyooka. Yeye alikuwa na mpango wa trekta. Halimi kwa ng'ombe, hana muda huo, lakini alikuja mkutanini na kusema jambo ambalo liliwafanya akina mama wa upande wetu wainue vichwa. Alisema kabla trekta haijaingia atapigilia vigingi mahali pote alipopaonyesha babake, na dereva atavizunguka. Kisha familia zije ziweke mawe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa, kwa hiyo alihitaji tu tumpe zile alama kabla ya mvua. Mama alifika nyumbani siku hiyo akaniuliza jiwe la kaburi la mtoto huwa na ukubwa gani.

Mkutano uliofuata nilileta projekta. Nilitaka waone ukurasa ulivyo kabla sijawapa funguo zao. Nilipouwasha, juu kabisa, kwa herufi kubwa, likatokea jina la hifadhidata. Nilikuwa nimeipa jina la shamba, lile ambalo mama analiita, ambalo sisi wote tulilikuta vinywani mwa wazazi wetu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni jina la upande mmoja. Upande wa pili wana lao. Pale njia panda kuna kibao cha barabarani ambacho kimepakwa rangi mara nyingi, jina hili juu ya lile, lile juu ya hili, mpaka ubao umekuwa mnene. Upande wa pili vikombe vikawekwa chini. Mimi bado nilikuwa nikitabasamu.

Binti wa mzee ndiye aliyesimama. Hakupandisha sauti. Alisema babake alilinda watoto wa watu miaka yote hiyo, na leo yeye binti anasoma ukutani kwamba babake alikuwa analima shamba la wenyewe. Nikaomba msamaha na kumwambia kwamba nitalibadilisha, ni neno moja tu.

“Usipake rangi juu kama ile kibao,” akasema. “Itoke hata huko ndani. Ikitoka, kesho yake niite, napiga vigingi.”

Nikaahidi mbele ya wote. Tukakubaliana jina jipya, la mto unaopita chini ya shamba, ambalo pande zote huliita vilevile. Mama aliniambia njiani kwamba yeye hajali jina, hata waliite bakuli, mradi vigingi vipigwe.

Hapa ndipo fundi yeyote atakaposoma na kushika kichwa. Ningeweza kubadilisha maandishi ya juu ya ukurasa nikaacha jina la ndani lilivyo, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nilikuwa na aibu, na mimi nikiwa na aibu huwa na haraka. Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi za ofisi nikiwa na mandazi mawili kwenye karatasi, nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikafungua faili. Nikafuta jina la zamani na kuandika la mto. Neno moja. Nikaiagiza programu inipe mpango wake kabla ya kutekeleza.

Mpango ulikuja. Ulisema kwamba jina la hifadhidata ya aina ile halibadilishwi ikiwa imesimama, kwa hiyo itabomolewa na nyingine kujengwa mahali pake. Ulisema kwa maneno wazi: kuongeza kimoja, kubadilisha sifuri, kuharibu kimoja. Sikudanganywa na mtu. Niliyasoma maneno hayo kama ninavyosoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai. Miezi yote ya kujenga nilikuwa nikibomoa na kujenga hifadhidata hiyo hiyo, ikiwa tupu, mara kadhaa kwa siku, na kila mara niliona mstari ule na kusema ndiyo. Mkono ulikuwa umezoea.

Na kulikuwa na mistari miwili mingine katika faili hilo, niliyoiandika mwenyewe wakati wa majaribio. Mmoja ulisema hifadhidata hii isilindwe dhidi ya kufutwa. Mwingine ulisema ikifutwa, isichukuliwe nakala ya mwisho. Niliiweka ili majaribio yaende upesi, na nikajiambia nitaigeuza kabla ya data ya kweli kuingia. Data ya kweli iliingia siku ya madaftari, na siku hiyo nilikuwa nikijisikia mtu mkubwa.

Simu ililia. Alikuwa mama, akiuliza kama jina limeshatoka ili ampigie binti wa mzee. Nikamwambia linatoka sasa hivi. Nikiwa bado nimebana simu begani nikaandika ndiyo.

Ilichukua dakika chache. Mistari ilishuka: inaharibu, bado inaharibu, imeharibiwa. Kisha inajenga, bado inajenga, imekamilika. Rangi ya kijani, kila kitu sawa. Nikafungua ukurasa nijionee jina jipya, na lilikuwepo, zuri, kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa peupe. Nikadhani ni mtandao. Nikafungua tena. Nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata na kuiuliza ina kumbukumbu ngapi, ikajibu sifuri. Niliiuliza tena na tena, kana kwamba ilikuwa inanificha.

Nilichokumbuka kwanza ni nakala zinazochukuliwa kila siku zenyewe, na nikakimbilia huko. Hizo nazo zilikuwa mali ya hifadhidata iliyobomolewa, na ziliondoka nayo, kama faili langu lilivyoamuru kwa kutosema lolote. Niliwaandikia wale wa kampuni. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba wamesikitika na kwamba hakuna kinachoweza kurejeshwa. Nilitafuta simu yangu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimefuta historia yake kwa sababu ya sharti la nakala moja. Sharti hilo ndilo pekee nililolitimiza kikamilifu.

Nilijaribu kukumbuka shamba. Nilikaa na kalamu nikachora josho. Nikakumbuka ukungu, koti la mzee, fimbo, pumzi yake fupi. Nikakumbuka vizuri sana ile duara iliyokuwa ikizunguka kwenye kioo cha simu. Hatua hazikuja. Zilikuwa arobaini, au sitini, kushoto, au kulia kwa mtu aliyesimama akitazama wapi? Nilimchukia mzee kwa kufa. Kisha nikajichukia kwa muda mrefu zaidi, na bado.

Nilimwambia mama jioni hiyo. Hakulia. Aliuliza kama mashine haiwezi kuombwa. Nikasema haiwezi. Akauliza kama jina lilibadilika. Nikasema ndiyo mama, lilibadilika. Akainuka akaenda kuzima jiko.

Mkutanini nilieleza nikiwa nimesimama. Nilijitayarisha kwa hasira, lakini kilichokuja kilikuwa kibaya kuliko hasira. Mzee mmoja wa upande wetu aliuliza, kwa upole kabisa, ni nani wa upande ule aliyenituma nifute. Kabla sijajibu, mtu wa upande wa pili akauliza ni nani wa kwetu aliyeniambia niyafiche mpaka siku ya kudai mashamba. Nilijaribu kueleza kuhusu faili, kuhusu mistari miwili. Hakuna aliyeamini kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kupotea kwa neno moja, bila adui. Wote walihitaji adui, na walikuwa nao tayari, ng'ambo ya ile njia ya katikati ya viti. Mama alikuwa nyuma kabisa, mkoba magotini. Mikutano haikuendelea baada ya hapo. Baadhi ya familia zilirudi kwa kumbukumbu zao na kupata makaburi yao, yale yaliyokuwa karibu na nyumba au chini ya mti uliobaki. Wengi hawakurudi kuuliza tena.

Binti wa mzee alisubiri. Hilo lazima niliandike, kwa sababu upande wetu hawalisemi. Alisubiri wiki mbili akitumaini nitakumbuka hata kaburi moja, na trekta za kukodi kule huwa na foleni. Nilienda mara moja, nikatembea shambani kutoka josho, nikiwa na vigingi mkononi, nyasi zikifika kiunoni. Sikuthubutu kupiga hata kimoja. Nikimpa mtu kaburi la uongo, nikajiambia, hilo nalo litakuwa kosa la kwangu. Mvua zikafika. Trekta iliingia siku ya Jumanne ikalima kutoka ua hadi ua, mistari iliyonyooka, kama trekta inavyolima.

Viazi vilipokuwa tayari kuchimbwa, mama aliniomba nimpeleke shambani. Moyo wake ulikuwa umeanza kusumbua, na daktari alikuwa amemkataza baridi, lakini nani angemkataza. Tulisimama kando ya ua. Shamba lote lilikuwa matuta, ukungu unapanda kutoka mtoni, na akina mama vibarua wameinama wakijaza magunia. Mama alitazama kutoka josho mpaka ua wa mbali, polepole, akarudi tena, kama mtu anayetafuta uso katika umati. Binti wa mzee alikuja akipangusa mikono kwenye leso, wakasalimiana. Alimwambia tu kwamba babake asingelima hivi, na mama akasema anajua.

Tulipogeuka kuondoka, binti wa mzee akamwita kibarua mmoja ajaze nusu gunia. Kule juu mgeni haondoki mikono mitupu, hata akiwa mgeni wa aina yetu, na kukataa ni tusi. Niliona uso wake alipolifunga gunia. Alikuwa ametambua anachotupatia, na hakuweza kukirudisha, wala sisi hatukuweza kukikataa. Mama alimshukuru kwa mikono miwili.

Ile hifadhidata ya pili bado iko. Ina jina zuri lisilomkera mtu, inalindwa dhidi ya kufutwa, na nakala zake huchukuliwa kila siku. Haina kitu ndani. Faili langu na kilichoko kule vinafanana kabisa, na kila nikiiuliza programu, inanijibu kwamba hakuna cha kubadilisha.

Usiku wa safari hiyo mama hakutaka nimsaidie. Alimenya viazi mwenyewe, ganda jembamba kama kawaida yake, akavichemsha na kuvitia chumvi tu. Aliweka sahani mbili mezani. Mimi niliisogeza yangu mbali. Nikamwambia sina njaa, nikamwambia tumpe jirani, nikaanza kusema samahani ambayo nilikuwa sijaisema vizuri siku zote hizo. Hakunisikiliza. Alikata kiazi kwa kijiko, akatafuna, akameza, kisha akaisukuma sahani yangu karibu.

“Kula,” akasema. “Imetoka kwa shamba la kaka yako.”

Nikala.